UZI: Laptopu huru kwa bei ya mtu wa kawaida, mbona haifiki?

FundiRisasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite kimya kimya.

Juzi kaja mteja na laptopu mpya, nailoni bado iko kwenye skrini. Kasikia habari za mifumo huru, anataka nimfutie Windows nimwekee Trisquel, mfumo wa Linux ulio huru mtupu. Nikaweka. Mashine ikawaka vizuri kabisa, waifai ikagoma. Kesho yake karudi kanuna: "Fundi, umeniharibia mashine." Nikafungua droo, nikatoa kidude changu cha waifai cha USB chenye chipu ya AR9271, nakitunza kama jiwe la nyoka, nikachomeka. Papo hapo mtandao ukashika. Jamaa akakitazama kile kidude, akaitazama laptopu yake ya bei mbaya, akauliza: "Kama kadogo haka kanaweza, kubwa hili linashindwa nini? Hakuna anayetengeneza kubwa lenye tabia za haka kadogo, na sisi tukanunua?"

Nilimjibu vibaya kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Namjibu hapa.

Tuanze na maneno. Neno la Waingereza la uhuru ndilo hilo hilo la bure, kwa hiyo kila siku wanajieleza. Sisi tuna huru na tuna bure, hatuna kisingizio. Programu huru ni ile unayoruhusiwa kuitumia utakavyo, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Bei ni habari nyingine.

Unaweza kuweka mfumo ulio huru kuanzia madirisha mpaka kwenye kiini (kernel, moyo wa mfumo), na bado chini yake zikawepo programu ambazo hukuziweka wewe: inayoamka kwanza ukibonyeza swichi, inayoiamsha RAM, inayoendesha kadi ya waifai, inayoongoza chipu ya picha. Nyingi huja kama faili la namba tupu, halina msimbo chanzo, na leseni inakukataza kulifumua. Mimi huliita donge. Unapewa, unameza, hutafuni. Trisquel inatumia kiini cha Linux kilichochambuliwa madonge kama mchele unavyochambuliwa mawe, ndiyo maana kadi ya mteja wangu ilikosa chakula. AR9271 haisumbui kwa sababu msimbo wa programu yake dhibiti (firmware, ile ya ndani ya chipu) ulitolewa hadharani mwaka 2013, ukitaka unaijenga mwenyewe sebuleni.

Kwenye mashine za Intel hali ni nzito zaidi. Ndani ya chipseti, yaani chipu zinazoisaidia prosesa, kuna kompyuta ndogo inayoitwa ME (Management Engine), ina programu yake, inaweza kufanya kazi hata wewe ukidhani umezima, mradi umeme upo. Kwenye vizazi vilivyofuata baada ya mashine za 2008, ukiifuta yote laptopu inawaka, inakwenda kama dakika 30, inajizima. Imefungwa namna hiyo makusudi.

Sasa swali la jamaa. Watu wamejaribu, tena wenye akili kutuzidi. Ngoja nichote chai nirudi.

Dafu

Nimetandika mkeka. Endelea fundi.

FundiRisasi

Wa kwanza waliotikisa ni One Laptop per Child. Nicholas Negroponte, mwanzilishi wao, alilitoa wazo kule Davos mwaka 2005: laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto. Mwaka 2007 XO-1 ikaanza kutoka kiwandani, ile ya kijani na nyeupe yenye masikio. Prosesa ya AMD Geode ya megahezi 433, RAM megabaiti 256, hifadhi gigabaiti 1. Skrini yake ilisomeka juani mchana kweupe, jambo ambalo laptopu nyingi za leo bado haziwezi. Hapa jirani Rwanda waligawa zaidi ya laki mbili, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Programu yake ya kuwasha ilikuwa huru. Lakini chipu ya waifai ilitoka Marvell, na Marvell walitoa donge tu. Mradi mzima wa watoto wajifunze kwa kufungua mashine na kuona ndani, halafu katikati kuna kisanduku kilichopigwa kufuli.

Na ile dola 100 haikufika. Mashine ya kwanza ilikaribia dola 200. Hesabu ilisimama juu ya serikali kuagiza kwa mamilioni. Oda zilipokuja chache, bei ikabaki juu. Mwaka 2008 wakakubali Windows XP iwekwe humo. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliyekuwa ameanza kuhamia kwenye XO, akageuka.

Alikogeukia ni Lemote Yeeloong, kutoka China. Prosesa ya Loongson 2F, kazi ya Chuo cha Sayansi cha China, ya ukoo wa MIPS. Programu ya kuwasha huru, waifai bila donge, kila kitu peupe. Kwa usafi sijaona laptopu mpya iliyoifikia. Kwa kasi, ukifungua kurasa mbili za mtandao unaenda kuchota maji unarudi unazikuta zinajipanga.

Kulikuwa pia na Ben NanoNote mwaka 2010, dola 99, skrini ya inchi 3. Suala la waifai walilimaliza kwa kutoweka waifai. Nacheka lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nije kwenye ule mradi ulioniuma, kwa sababu wazo lake lilikuwa zuri kuliko yote. EOMA68. Mhandisi mmoja, Luke Kenneth Casson Leighton, alijiuliza: kwa nini tunatupa laptopu nzima kwa sababu prosesa imezeeka? Skrini nzima, kibodi nzima, bawaba nzima. Akakata mashine vipande viwili. Kompyuta yenyewe, yaani prosesa, RAM na hifadhi, iwe kadi. Mwili, yaani skrini, betri na kibodi, uwe sanduku. Kadi inachomekwa na kuchomolewa. Mwaka kesho ukinunua kadi yenye nguvu, ile ya zamani inahamia kwenye sanduku la mezani la mtoto. Na umbo la kadi hakulibuni upya. Wale mliokuwepo miaka ya 90 mnakumbuka kadi za PCMCIA, zile za modemu zilizoingia ubavuni mwa laptopu? Maganda na soketi zake zenye pini 68 zilikuwa bado zinapatikana rahisi. Akazichukua hizo, ndiyo maana ya 68 kwenye jina.

Sanduku la mezani lilikuwa la mbao za mianzi zilizokatwa kwa leza. La laptopu lilichapwa kwa printa ya plastiki, na michoro ilitolewa, kipande kikivunjika unachapa kingine. Kadi ilikuwa dola 65: Allwinner A20, RAM gigabaiti 2. Mwaka 2016 kampeni ya kuchangisha kwenye Crowd Supply ikavuka dola 150,000.

Halafu watu wakangoja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzigo ukawa unachelewa, na kila mwaka chipu ile inazidi kuchakaa machoni pa watu.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. A20 ilichaguliwa kwa sababu jamii ya wajuzi ilishaifumua: kuwasha na kuamsha RAM vilikuwa huru. Lakini chipu yake ya picha ni Mali-400, iliyotangazwa 2008. Draiva yake huru, yaani programu ya kuiendesha, inaitwa Lima, imeingia rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2019. Miaka kumi na moja! Mtengenezaji hakutoa nyaraka, kwa hiyo watu wa kujitolea wakaifumua usiku baada ya kazi zao za mchana, rejista moja baada ya nyingine. Walipomaliza, dunia ilishahama mara tatu.

Yaani kuna saa mbili. Saa ya kiwanda inakwenda mwaka mmoja na nusu, miwili, chipu imepita. Saa ya uhuru inakwenda miaka mitano, kumi. Mashine huru inafika kituoni basi limeshaondoka. Na bei inafuata hapo hapo: ukiagiza chipu mia tano kiwandani wala simu yako haipokelewi, achilia mbali kuomba nyaraka.

NairobiNjugu

Fundi, heshima. Lakini umeiruka Raspberry Pi kama vile haipo. Ilitoka tarehe 29 Februari 2012, dola 35, na wameuza mamilioni juu ya mamilioni. Hiyo ndiyo bei ya mtu wa kawaida. Mtoto wangu anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, juu yake. Si hiyo ndiyo iliyofaulu?

FundiRisasi

Kwa bei imefaulu, simnyang'anyi mtu haki yake. Lakini angalia inavyoamka. Ukiwasha Raspberry Pi, wa kwanza kuamka si prosesa ya ARM unayoifahamu. Anaamka chipu wa picha, VideoCore, anasoma donge lake, anapanga RAM, ndipo anamwita ARM aje kazini. Linux yako ni mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba usiyemjua. Bodi ile ile ya kwanza, bila donge la Broadcom waliotengeneza chipu yake, ni kipande cha plastiki cha kijani.

Mtoto aendelee na Python, haimdhuru. Mimi nazungumzia yule atakayetaka kujua kinachotokea kabla ya Python.

NairobiNjugu

Hapo sawa. Na Pinebook? Ya kwanza 2017 ilikuwa dola 89, laptopu kamili na skrini! Pro ikaja 2019 kwa dola 199. Wanauza karibu na gharama, programu wanawaachia jamii. Hao wamepata njia.

FundiRisasi

Hao nawakubali, na wananilazimisha kulegeza maneno yangu ya juu. Pinebook Pro ina RK3399, chipu ya 2016. RAM yake inaamshwa na msimbo huru. Chipu ya picha ni Mali T860, na draiva huru ya Panfrost imeingia kwenye kiini mwaka huo huo wa 2019 pamoja na Lima. Kwa hiyo kutoka miaka kumi na moja tumeshuka mpaka mitatu. Saa ya uhuru imeongeza mwendo.

Kilichobaki ni waifai, inataka donge. Unaweza kuizima ukachomeka kidude changu cha droo. Na mtu wa huku aongeze usafiri na ushuru kwenye bei, asije akalia mbele ya kaunta.

mwl_Neema

Habarini. Mimi ni mwalimu wa sekondari, si fundi, mnisamehe nikiuliza ya kitoto. Tuna chumba cha kompyuta chenye meza kumi na tano, na zinazowaka ni sita. Umeme wetu ni wa sola na betri zimechoka. Nikiomba fedha kwa wazazi naomba za nini? Maana kila nikisoma uzi huu naona kila kitu kina "lakini".

FundiRisasi

Mwalimu, shikamoo. Swali la kitoto ndilo gumu. Mimi ningenunua laptopu za mtumba, ThinkPad X200 au T400 za mwaka 2008. Naeleza kwa nini.

Shirika la FSF la Marekani, linalotetea programu huru, lina cheti wanachokipa vifaa vinavyoheshimu uhuru wa mtumiaji. Laptopu ya kwanza kukipata, Desemba 2013, haikuwa mpya. Ilikuwa ThinkPad X60, mashine ya 2006, imenunuliwa mtumba, ikasafishwa, ikabadilishwa programu ya kuwasha na kadi ya waifai. Baadaye ikaja X200. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM inafika gigabaiti 8, na ndicho kizazi cha mwisho ambacho ile ME inaweza kuondolewa yote, mashine isijizime. Unaweka Libreboot, programu huru ya kuwasha, mahali pa BIOS ya kiwanda, kwisha habari. Na BIOS ya kiwanda ina orodha ya kadi za waifai inazozikubali, ukiweka nyingine inakataa kuwaka. Libreboot haina ubaguzi huo, unaweka kadi ya Atheros na waifai inashika bila donge.

Bei yake ni ya simu ya kawaida tu, ukibahatika kwenye mzigo wa Ulaya hata chini ya hapo. Gharama za viwanda zilishalipwa na makampuni yaliyozinunua mpya. Sisi tunakuja kula makombo, lakini makombo ya karamu kubwa.

Mpinzani_Mkuu

Nimevumilia, sasa niseme. Mteja wako aliuliza kwa nini hakuna anayetengeneza. Wewe fundi jibu lako ni mtumba. Huko ni kuokota. X200 zina kikomo, kila mwaka zinakufa, skrini zinafifia, betri zinavimba. Miaka kumi ijayo utamwambia nini Mwalimu Neema? Na hiyo X200 yenyewe unayoisifia, kile kichipu kinachoongoza kibodi na betri kina programu ya kiwanda, hujaigusa. Diski ngumu nayo ina programu yake. Uhuru wako una mashimo kama chandarua cha bwenini.

FundiRisasi

Umenipiga mahali pake. Kichipu cha kibodi ni kweli, hakijafunguliwa kwenye X200, na diski ni kweli. FSF wanasema programu iliyochomwa kiwandani ndani ya kipande, isiyokusudiwa kubadilishwa, inahesabika kama sehemu ya chuma chenyewe. Wengine wanaona huko ni kufumba jicho moja. Ugomvi huu umepasua hata nyumba ya Libreboot: Novemba 2022 wakabadili sera, wakasema watapunguza madonge kadiri inavyowezekana lakini wataruhusu machache ili mashine nyingi zaidi zipate nafuu, kama X230 ya 2012. Waliokataa wakaanzisha GNU Boot. Mimi niko upande wa Libreboot kwa hili. Mashine kumi zenye donge moja kila moja naziona bora kuliko moja safi na tisa zenye madonge ishirini. Najua humu kuna watakaonipiga mawe.

Kuhusu kuokota, sibishi. Nimejibu cha kununua leo, sijajibu cha kutengeneza.

Mwanakwerekwe_

Wajameni, mbona mnaisahau RISC-V? Ilianza Berkeley 2010, maelekezo ya prosesa yako wazi, hakuna wa kumlipa. China wanazitoa kama njugu. Si ndiyo mwisho wa shida zote hizi?

binti_kiini

Naomba nimjibu mimi, nimeishika VisionFive 2, bodi ya RISC-V. Shoga/kaka, RISC-V ni kama sarufi. Sarufi ya Kiswahili ni ya kila mtu, lakini barua ya mtu imefungwa kwenye bahasha yake. Mtengenezaji anachukua sarufi huru, anaandika chipu iliyofungwa, na sheria inamruhusu. Kwenye bodi yangu kuwasha ni huru, RAM inaamshwa na msimbo unaouona, safi. Chipu ya picha ni ya kampuni ya Imagination, inataka donge. Tumerudi pale pale kwa Mali-400, kwa jina jingine.

Na nina la kumsahihisha mwanzisha uzi. Umesema A20 basi limeondoka. Si kweli. Olimex wa Plovdiv, Bulgaria, wameendelea kuiuza bodi yao ya A20-OLinuXino-LIME2 miaka yote hii. Michoro ya bodi iko hadharani, unaweza kuipeleka kiwandani ukachapiwa yako. Ina gigabaiti 1 ya RAM, soketi ya SATA ya diski, mtandao wa waya wa kasi. Na kwa kuwa Lima imeshaingia, sasa chipu ile iko huru kuliko siku ilipotoka. Basi lilirudi, fundi.

FundiRisasi

Nimekubali kosa, dada. Nilisema kwa hasira ya EOMA68. Kumbe ukimpata mtu wa kiwandani mwenye subira ya kuuza chipu ya zamani miaka kumi, zile saa mbili zinakutana. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Hao hao Olimex mwaka 2017 walitoa TERES-I, laptopu ya inchi 11.6 unayoifunga mwenyewe kwa bisibisi, prosesa A64. Michoro ya bodi zote hadharani kwenye KiCad, programu huru ya kuchora bodi, na kila kipande kinauzwa peke yake, kuanzia bawaba mpaka kitako. Bei ya seti nzima ilikuwa yuro 225. Linganisha na Novena ya mhandisi bunnie Huang, 2014, ambayo laptopu yake ilikuwa dola 1,995. Au MNT Reform ya Berlin, iliyoanza kwa karibu dola 1,000 ukiifunga mwenyewe. Hiyo Reform ni mashine ya heshima, betri zake ni seli nane za duara unazobadilisha moja moja kama za tochi. Lakini hata wao RAM yao iliamshwa na donge, kwa sababu chipu ya i.MX8M waliyoanza nayo haikuwa na njia nyingine. Na kule juu kabisa kuna Talos II ya kampuni ya Raptor, yenye prosesa ya POWER9, ilipata cheti cha FSF 2019, huru mpaka programu ya kuwasha. Bei yake ni maelfu ya dola. Uhuru upo, tumeuweka kwenye ghorofa ya kumi na lifti haifanyi kazi.

Mpinzani_Mkuu

Kwa hiyo atengenezaye chipu yake mwenyewe ndiye aliye huru.

binti_kiini

Yule yule mhandisi wa EOMA68 alijaribu. Libre-SOC. Mwaka 2021 chipu yao ya majaribio ilipelekwa kiwandani kwa nanomita 180 (kipimo cha vijia vya ndani ya chipu, kikiwa kidogo ndiyo ya kisasa). Kwa waliosahau, hizo ni nanomita za Pentium III ya 1999. Kufika kwenye nanomita za chipu za leo ni mamilioni ya dola kabla hujauza hata moja. Mtu mmoja na marafiki hawawezi, ni kazi ya serikali au ya kampuni kubwa. Ndiyo maana Loongson ilitoka kwenye taasisi ya serikali.

mwl_Neema

Nimefuatilia mpaka hapa na daftari. Nikielewa vizuri: laptopu za mtumba zina nguvu lakini zinakula umeme, bodi za Bulgaria zinakula umeme kidogo lakini RAM ni ndogo. Sola yangu inasema bodi. Wanafunzi wangu wanasema video.

FundiRisasi

Mwalimu, umeelewa kutuzidi sisi tunaobishana. Hebu fanya mchanganyiko. X200 moja iwe mashine ya mwalimu, iweke Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani, igawe kwa waya darasani bila intaneti. Kwenye meza bodi ndogo tano za majaribio, kivinjari chepesi, LibreOffice, na mazoezi ya kuchapa. RAM ya gigabaiti 1 inasoma Wikipedia ya ndani bila kutoka jasho. Inachokataa ni kurasa za mitandao ya kijamii zenye matangazo yanayorukaruka, na hilo mwalimu mkuu wako hatalalamika. Video nazo zisome kwenye X200 kwa projekta.

Usichangishe za kumi na tano kwa mkupuo. Anza na tano, uone muhula mmoja.

mwl_Neema

Nani ataweka Libreboot? Huku kwetu fundi wa kompyuta ni yule yule wa redio.

FundiRisasi

Wa redio ndiye hasa! Kazi yenyewe ni ya mkono mtulivu. X200 haiwezi kuandikwa mara ya kwanza kwa programu tu, lazima ufungue, uondoe kibodi na sehemu ya kuwekea viganja, uifikie chipu ya BIOS, uishike kwa klipu, halafu uisome na kuiandika kwa programu ya flashrom kutoka kwenye mashine nyingine.

Yaliyonikuta mimi, ili yasimkute: mashine yangu ya kwanza niliisoma chipu mara moja tu, nikaandika. Klipu ilikuwa imelala upande, nakala niliyohifadhi ilikuwa takataka. Nikaandika juu yake, mashine ikawa jiwe, na nakala ya kurudia sina. Wiki tatu iko mezani inanitazama. Sasa nasoma mara mbili, natoa hesabu ya sha256 (alama ya kipekee ya faili) kwa faili zote mbili, zikifanana ndipo naendelea. Zikitofautiana, natoa klipu, nafuta miguu kwa spiriti, narudia.

Ondoa betri na chaja kabisa. Umeme wa chipu ni volti 3.3. Ile programa (kifaa cha kuandikia chipu) nyeusi ya bei rahisi ya CH341A inajulikana kutoa volti 5 kwenye njia za data hata umeme wa chipu ukiwa 3.3, ipime kwa mita kwanza au tumia Raspberry Pi. Ndiyo NairobiNjugu, nimeisema, Raspberry Pi imefaa kumfungua mwenzake.

Na kabla hujaandika, ingiza kwenye faili namba ya MAC, yaani kitambulisho cha kadi ya mtandao wa waya, iliyobandikwa chini ya mashine. Ukisahau, X200 zote utakazoziandika zitakuwa na namba moja, mtandao utawavuruga na mtamlaumu Stallman.

NairobiNjugu

Nimecheka hadi wameniangalia ofisini. Kidogo niulize, usasisho wa maikrokodi, yale maelekezo ya ndani ya prosesa, je? Hizo Core 2 Duo zina makosa ya kiwandani.

FundiRisasi

Zina. Maikrokodi nayo ni donge, ila prosesa tayari inayo ya zamani ndani yake tangu kiwandani. Ukikataa mpya hujawa huru zaidi, umebaki na donge bovu badala ya donge lililorekebishwa. Libreboot wanaiweka, GNU Boot hawaiweki. Mimi naiweka, na usiku nalala.

Mpinzani_Mkuu

Hili la maikrokodi nakuunga mkono, andika tarehe.

Dafu

Fundi, nimekunja mkeka, nimeingia kazini. Nina X200 ya marehemu mjomba, ilikaa kabatini. Nimefungua, chini ya sehemu ya viganja kuna nailoni nyeusi, nimeiinua pembeni polepole, kuna chipu. Ina miguu mingi kuliko picha ya kwenye mtandao. Juu yake imeandikwa MX25L64, mbele yake sijaona vizuri, taa yangu ni ya simu. Klipu niliyonunua ni ya miguu minane. Nibane tu miguu minane ya katikati?

FundiRisasi

Usibane chochote! Hiyo ni ya miguu 16, kuna X200 zinatoka na ya 8 na nyingine ya 16, huwezi kujua mpaka ufungue. Mpangilio wa pini ni tofauti kabisa, ukibana ya 8 katikati unapeleka umeme kwenye mguu usiohusika. Tafuta klipu ya 16. Na hilo 64 ni megabiti, gawa kwa 8, yaani una megabaiti 8, pakua faili la Libreboot la ukubwa huo, lile la megabaiti 4 liache. Nipigie picha kwa mwanga wa mchana, nione kidoti cha mguu wa kwanza kiko pembe ipi kabla hujaunganisha waya.